« Ma Famille » inachekesha, lakini Bohiri si mwalimu wa ndoa

Ukitaja Bohiri, Delta ao Gohou katika parsele nyingi za Goma na Bukavu, wakubwa wanaanza kucheka. Ni watu wa « Ma Famille », mchezo wa kuchekesha uliotengenezwa Abidjan, inchini Côte d'Ivoire, na kuonyeshwa na televisheni ya inchi ile kuanzia mwaka 2002. Miaka imepita, lakini jamaa nyingi zinaendelea kuutazama.

Ikumbukwe kwamba mwaka ule ule, tarehe 19 Septemba 2002, vita vilianza Côte d'Ivoire na inchi ikagawanyika kati ya kaskazini na kusini. Mchezo haukusimama. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba mtu aliyehama vita hana ruhusa ya kucheka wanakosea. Muhami amepoteza shamba, nyumba na majirani. Asinyang'anywe kicheko pia.

Shida iko mahali pengine. Katika mchezo huu, Bohiri ni bwana wa Delta, na kazi yake kubwa ni kufuata wanawake wengine. Anadanganya, anashikwa, anatafuta uongo mupya, na watu wanacheka. Hapo hakuna ubaya: mwongo aliyeshikwa anachekesha. Ubaya unaanza pale wanaume wanapozima televisheni na kuanza kumtumia Bohiri kama wakili wao. Bibi akiuliza pesa zimeenda wapi, anajibiwa: wanaume wote ni Bohiri, na wewe uwe na uvumilivu kama Delta.

Jibu hilo ni la aibu. Uongo wa Bohiri haufungi jiko la mtu yeyote. Lakini katika jamaa ya wahami, franka zinazopelekwa kwa « deuxième bureau » ni zile zile za unga, za dawa ya mtoto na za shule. Bibi yule hana shamba la kurudilia, na mara nyingi wazazi wake nao wamehama. Uvumilivu anaoombwa si wa mchezo. Unamaanisha watoto kulala na njaa.

Wengine watasema: « Ni mchezo tu, watoto wanajua. » Wanajua nini? Katika nyumba nyingi zilizopokea wahami, jamaa mbili zinakaa mbele ya televisheni moja. Watu wa « Ma Famille » wanasema Kifaransa cha Abidjan. Tate asiyekisikia anaona tu bwana anayekimbia na bibi anayelia, halafu anasikia watu wakicheka. Mtoto mdogo naye hivyo hivyo. Kijana anatoka pale akifikiri kudanganya ni akili. Msichana anatoka akifikiri bibi mwema ni yule anayelia na kunyamaza.

Cha ajabu, dawa ya ugonjwa huu iko ndani ya mchezo wenyewe. Delta wa kweli, Akissi Delta, ndiye aliyeuanzisha na kuutengeneza. Hakupata kwenda shule. Alianza kujulikana katika mchezo mwingine wa televisheni ya kwao, « Comment ça va ? », kisha akasimama mwenyewe na kuwaongoza wachezaji ambao leo wanajulikana hata Kongo. Mwanamke anayelia kwenye televisheni ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi yote. Wasichana waliokatizwa masomo na vita wanajua machozi ya Delta, lakini ni wachache walioambiwa habari hiyo.

Basi, hakuna haja ya kuzima televisheni. Wazazi wakae na watoto, na mchezo ukiisha waulize: nani alikosa, na nani alilipa? Vikundi vya michezo vya mitaa pamoja na redio za jamii vitunge michezo kwa Kiswahili, ambamo bwana mwongo analipa deni lake mbele ya wakwe, na bibi anasema bila kuchekwa. Watu watacheka vilevile, pengine kupita mbele.

Na mwanaume atakayerudia kusema kwamba wanaume wote ni Bohiri, aulizwe palepale, mbele ya watoto wake: baba, Bohiri unamcheka, ao unamsifu?