Jina lisilolingana na namba humgharimu mkulima asilimia 24

Chukua mfano wa mtu mwenye mashine ya kuvunia katika jimbo la Iowa, nchini Marekani. Amemvunia jirani yake mahindi, kazi ya dola 10,000. Dizeli, vipuri, ujira wa msaidizi na rejesho la mkopo wa mashine vimekula dola 8,500. Faida yake halali ni dola 1,500. Siku ya malipo anakabidhiwa hundi ya dola 7,600. Dola 2,400 zimekatwa na kupelekwa serikalini. Hana deni la kodi wala hajakwepa chochote. Kosa lake ni moja tu: hakumpa mwenye shamba namba yake ya utambulisho wa mlipakodi. Kazi ameimaliza, faida anayo kwenye daftari, lakini mfukoni amepungukiwa dola 900 za kulipia gharama zake mwenyewe.

Msomaji wa hapa kwetu anaijua kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye pango, ada za huduma na malipo mengine kadhaa. Inamfuata mlipwaji kutokana na aina ya malipo anayopokea. Makato ya yule mvunaji wa Iowa ni ya namna nyingine. Wamarekani wanayaita zuio la akiba, kwa maana kwamba hukaa pembeni kama tairi la spea na kutolewa pale tu njia ya kawaida inaposhindikana. Ukitoa jina na namba sahihi, unalipwa fedha yako yote na kodi unaihesabu mwenyewe mwisho wa mwaka. Usipotoa, mlipaji analazimika kukata asilimia 24 kabla fedha haijakufikia.

Utaratibu huu una historia inayofaa kukumbukwa na kila anayebishana kuhusu kodi. Mwaka 1982 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukata asilimia 10 kwenye riba na gawio la kila mtu, kuanzia Julai 1983. Mabenki yalipiga kelele, wateja wao wakamiminia wabunge barua, na mwezi Agosti 1983 sheria ikafutwa. Badala yake ukaja mpango huu: asikatwe kila mtu, akatwe yule asiyejitambulisha. Kiwango kilianza na asilimia 20, kikapanda hadi 31 katika miaka ya 1990, kikashuka hadi 28, na tangu mwaka 2018 ni 24.

Kwa msingi wake, uamuzi ule ulikuwa wa busara. Serikali yenye namba sahihi haina haja ya kushika fedha ya mtu mwaka mzima. Nguvu ya namba yenyewe ilionekana miaka michache baadaye, pale wazazi walipotakiwa kuandika namba za hifadhi ya jamii za watoto wanaowaombea nafuu ya kodi. Katika ritani za mwaka 1987, watoto wapatao milioni 7 walitoweka kwenye vitabu, kimya kimya, bila msiba wala mazishi!

Ubaya wa zuio la akiba uko kwingine. Linakata mapato ghafi, wala haliulizi gharama. Kwa mwenye nyumba ya kupangisha asiye na gharama nyingi, asilimia 24 inaweza kukaribiana na kodi anayodaiwa. Kwa mkulima au mchuuzi anayebakiwa na senti 15 katika kila dola, inameza faida yote na kula mtaji. Ni kweli fedha haipotei. Inaandikwa kwenye taarifa ya malipo ya mwaka, na mhusika akipeleka ritani anahesabiwa kuwa ameshalipa, kilichozidi anarudishiwa. Lakini aliyekatwa mwezi wa kuvuna anaweza kusubiri hadi mwaka unaofuata. Mbegu na mbolea hazisubiri ritani.

Wakulima wengi hawajui ni malipo gani yanaguswa. Kuuza mahindi au ng'ombe kwa fedha taslimu, kwa kawaida, hakuingizi mtu kwenye zuio hili, kwa kuwa ununuzi wa bidhaa hauripotiwi kwa utaratibu huo. Yanayoguswa ni ujira wa kazi za mkataba kama ule wa kuvuna, kodi ya shamba au ya mashine, fidia ya bima ya mazao, ruzuku za serikali za kilimo, riba ya benki, pamoja na mgao wa ushirika pale angalau nusu yake inapolipwa kwa fedha. Wauzaji wa mboga wanaopokea malipo kwa kadi au kupitia mitandao nao wamo, maana kampuni inayopitisha malipo hayo ina wajibu wa kudai namba. Kwa ujira na kodi za pango kuna kiwango cha chini: kwa miaka mingi kilikuwa dola 600 kwa mwaka, na kwa malipo yanayofanywa kuanzia mwaka 2026 kimepandishwa kuwa dola 2,000.

Kujitambulisha kwenyewe ni karatasi moja, fomu W-9. Juu kuna mstari wa jina la mlipakodi, chini yake jina la biashara, kisha namba, kisha sahihi inayotolewa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. Hapo ndipo wenye biashara ndogo wanapojikwaa. Mtu anauza nyanya kwa jina la biashara, naye kwa fahari anaweka jina hilo mstari wa kwanza, halafu anaandika namba yake binafsi. Kompyuta ya mamlaka ya kodi, IRS, inatafuta namba ile na kukuta jina la mtu, si la genge. Kwa mtu binafsi asiyesajili kampuni, mstari wa kwanza ni wa jina lake mwenyewe kama lilivyo kwenye kadi, na la biashara likae mstari wa pili.

Kosa jingine linawahusu moja kwa moja watu wa Afrika Mashariki na majirani zao. Katika kulinganisha jina na namba, IRS hutazama herufi nne za kwanza za jina la ukoo. Sasa mtu wa pwani au wa bara hapa kwetu ana jina lake, la baba na la babu; la ukoo ni lipi? Kwenye kadi ya hifadhi ya jamii karani ameandika Juma mwishoni, mwenyewe kwenye fomu anamalizia na Saidi. Mtu ni yule yule na namba ni yake, lakini kwa kompyuta hao ni watu wawili. Mwanamke aliyeolewa na kubadili jina bila kubadilisha kadi anaangukia shimo hilo hilo.

Hili si jambo la kubuni pembeni ya meza. Katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, wapo wakulima wa jamii ya Wabantu wa Somalia waliohamishiwa Marekani kutoka makambi ya wakimbizi ya Kenya, wengi wao kuanzia mwaka 2003 na 2004. Ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka pwani na bara ya Afrika Mashariki, na baadhi yao bado wanazungumza Kizigula. Mtu ambaye jina lake limepita kwa karani wa kambi, wa uhamiaji na wa benki ana kila sababu ya kutoa kadi yake na kuinakili herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi.

Kosa likishatokea, kuna muda wa kulisahihisha, ila ni mfupi. IRS humwandikia mlipaji orodha ya majina yasiyolingana. Mlipaji ana siku 15 za kazi kumtumia mhusika taarifa pamoja na fomu nyingine. Jibu likikosekana, makato huanza siku 30 za kazi baada ya taarifa ya IRS kumfikia mlipaji. Taarifa ya pili ikija ndani ya miaka mitatu, fomu peke yake haitoshi tena. Itatakiwa nakala ya kadi ya hifadhi ya jamii, au barua ya IRS inayothibitisha namba ya biashara. Barua kama hiyo isiwekwe juu ya kabati pamoja na matangazo ya duka. Pia kuna faini ya dola 50 kwa kutotoa namba, na dola 500 kwa anayetoa maelezo ya uongo ili asikatwe.

Lawama zote zisimwangukie mlipwaji. Mlipaji asiyekata anapotakiwa kukata anaweza kudaiwa fedha hiyo yeye mwenyewe, ndiyo maana hasikilizi maombi. Lakini IRS ina huduma ya bure inayomwezesha mlipaji kuhakiki jina na namba kabla ya kulipa hata senti moja. Mnunuzi mkubwa au ushirika wenye mhasibu na kompyuta, usioitumia huduma hiyo hadi orodha ya makosa inapotoka serikalini, unamtwisha mkulima gharama ya uvivu wake. Kama Bunge la Marekani lingetaka kuirekebisha sheria, lingeanzia hapo: uhakiki uwe lazima kwa walipaji wakubwa wakati wa kufungua akaunti.

Kwa wafanyabiashara walioko Tanzania na Kenya, habari hii inawafikia kupitia mlango mwingine. Mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani hatakiwi kujaza W-9, hata kama mnunuzi ameituma kwa mazoea. Akitia sahihi anakiri kuwa ni mtu wa Marekani. Fomu yake ni W-8BEN, na kampuni au ushirika una yake, W-8BEN-E. Anayeuza kahawa iliyolimwa Mbinga au Kilimanjaro hadaiwi kodi ya zuio ya Marekani kwa mauzo hayo, kwa kuwa bidhaa ilizalishwa nje ya nchi ile, lakini mnunuzi anaweza kutaka fomu hiyo ili awe na kitu cha kuonyesha. Ndani yake kuna nafasi ya namba ya kodi ya nchi anayotoka mhusika, na hapo ndipo TIN ya TRA au PIN ya KRA inapopata kazi nje ya mipaka. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha namba hiyo.

Vijana wanaofundisha ufugaji wa kuku kwa video walilionja jambo hili mwaka 2021, pale Google ilipowataka wenye chaneli za YouTube duniani kote kutoa taarifa zao za kodi. Mtu binafsi asiyejaza aliambiwa angeweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, hata yale yaliyotokana na watazamaji wa Morogoro na Nakuru. Aliyejaza anakatwa kwenye sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani tu. Sehemu hiyo hukatwa asilimia 30, kwa sababu Tanzania na Kenya hazina mkataba na Marekani wa kuepusha kodi mara mbili, jambo ambalo wizara za fedha za nchi hizi mbili zinapaswa kulifanyia kazi badala ya kuwaachia vijana wahangaike na fomu. Fomu yenyewe, kwa kawaida, huisha nguvu mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule iliotiwa sahihi. Waliojaza mwaka 2021, kwa hiyo, muda wao ulimalizika Desemba 2024.