Breki Hazikatiki Zenyewe

Katika habari za ajali tunazozisoma na kuzisikia, ipo sentensi moja iliyozoeleka mno hata haimshtui mtu tena: "Breki zilikatika." Husemwa kuhusu lori lililoporomoka mteremkoni, kuhusu matatu iliyopinduka, na husemwa pia kuhusu baiskeli na pikipiki. Mwanafunzi yeyote aliyefundishwa mnyambuliko wa vitenzi atatambua mara moja kwamba kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendeka. Kauli hiyo ina sifa moja mashuhuri: humwacha mtenda nje ya sentensi. Tukisema waya ulikatwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza ulikatwa na nani. Tukisema ulikatika, swali hilo hufa kabla ya kuulizwa. Kikombe kilivunjika, maziwa yalimwagika, breki zilikatika. Hapana aliyetenda, na kwa hiyo hapana wa kuwajibika.

Sina ugomvi na kauli ya kutendeka. Ni hazina ya lugha yetu, na ina mahali pake. Ugomvi wangu ni na matumizi yake pale ambapo mtenda yupo, anajulikana, na angeweza kuzuia maafa kwa kazi ya nusu saa. Waya wa breki haukatiki ghafla kama radi ipigavyo. Hukatwa uzi mmoja mmoja, kwa majuma na miezi, na kutu, na ukingo wa bati lenye makali, na ala isiyofaa, na juu ya yote hukatwa na mwenye chombo ambaye hakuutazama. Jambo hili limekuwa la dharura zaidi sasa kwa kuwa baiskeli, chombo tulichokidhania kuwa cha pole na cha wanyonge, kimeanza kutiwa mota.

Historia ya jambo lenyewe tunaijua. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako wenye baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Biashara hiyo ilienea hadi miji ya magharibi, na Eldoret haikuachwa nyuma. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, injini ya petroli ilizisukuma baiskeli nyingi kando ya barabara. Leo mzunguko mwingine umeanza. Mwezi Septemba mwaka 2023, Rais William Ruto alizindua huko Mombasa mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme, na macho ya wengi yakaelekea kwenye pikipiki. Lakini umeme haukuishia kwenye pikipiki. Zipo baiskeli zinazoingizwa nchini zikiwa na mota na betri zake, na zipo baiskeli za kawaida ambazo mafundi huzifunga mota ya gurudumu, betri chini ya kiti, na mkono wa kuongezea kasi kwenye usukani. Hizi za pili ndizo zinazonitia wasiwasi, kwa kuwa aghalabu kila kitu hubadilishwa isipokuwa breki.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwalimu wa fizikia anaweza kuiandika ubaoni kesho asubuhi. Nishati ya chombo kinachokwenda ni nusu ya tungamo lake likizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 15, akienda kilomita 15 kwa saa, ana kiasi fulani cha nishati ambacho breki lazima zikimeze ili asimame. Mtu huyo huyo akipanda baiskeli ya umeme ya kilo 25, akaenda kilomita 25 kwa saa, nishati hiyo huwa takribani mara tatu ya ile ya kwanza. Akimpakia abiria wa kilo 60, huwa zaidi ya mara tano. Kasi haikuongezeka hata mara mbili, lakini kazi ya breki imeongezeka mara tano. Na kilomita 25 kwa saa si kasi ya wendawazimu; ndicho kikomo ambacho nchi za Umoja wa Ulaya zimewekea msaada wa mota katika baiskeli za umeme za kawaida. Zipo mota zinazouzwa ambazo hupita kiwango hicho kwa mbali.

Isitoshe, injini ya petroli humsaidia mwendeshaji bila yeye kujua. Akiachilia mafuta, injini yenyewe hukivuta chombo nyuma. Mota nyingi za gurudumu la baiskeli hazifanyi hivyo; umeme ukikatwa, gurudumu huendelea kuzunguka bila kizuizi. Mzigo wote huangukia waya mwembamba unaotoka kwenye usukani. Na hapa kwetu waya huo una majaribu mengi. Eldoret, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti mwaka 2024, uko takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya Uasin Gishu huanza Machi na kuendelea hadi Septemba, na matope yake hupenya kila tundu. Barabara huteremka kwenye mto Sosiani na kupanda tena. Na anayetoka mjini akapita Iten, akashuka Tambach hadi bonde la Kerio, huteremka zaidi ya mita 1,000. Katika mteremko kama huo hakuna nafasi ya sarufi; ama waya unashika, ama haushiki.

Waya wa breki ni uvumbuzi wa ajabu kwa urahisi wake. Unahusishwa na Ernest Bowden, aliyepata hataza yake Uingereza mwaka 1896. Kabla yake, na hata baada yake katika zile baiskeli nzito tulizoziita Black Mamba, nguvu ya mkono ilipelekwa kwenye gurudumu kwa fimbo za chuma. Bowden alitumia waya wa nyuzi nyingi unaopita ndani ya mrija unaopindika. Mafundi wengi huuita mrija huo kava. Mimi napendelea kuuita ala, kwa kuwa Kiswahili kina neno hilo tangu jadi kwa kifuniko cha kisu au upanga, na kazi ni ile ile. Mkono wa breki nao ni wenzo, na wingi wake ni nyenzo, neno tunalolitamka kila siku katika mikutano bila kukumbuka kwamba asili yake ni chombo cha kusukumia na kuinulia.

Siri ya uvumbuzi huo ni kwamba waya unapovuta, ala husukuma. Ikiwa ala ni dhaifu, itajikunja na kujibana, na nguvu ya mkono itaishia humo. Mwendeshaji atabana wenzo hadi uguse usukani, na raba za breki ziguse gurudumu kwa unyonge tu. Ndiyo maana kuboresha waya bila kuboresha ala ni kazi nusu.

Basi fundi anayefunga mota afanye nini? Kwanza, anunue waya wa breki, si waya wa gia. Kwa macho hufanana, lakini ule wa gia una unene wa milimita 1.2 hivi, na ule wa breki hufikia milimita 1.5 au 1.6. Waya wa chuma kisichoshika kutu ni bora kwa mvua yetu. Pili, ala iwe ya breki, ambayo ndani yake ina chuma kilichosokotwa kama springi. Ala nyingi za gia zina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu, na chini ya nguvu ya breki zinaweza kupasuka. Tatu, ala ikatwe wima, si mshazari, na tundu lake lifunguliwe kwa msumari ili ukingo wake usiukwangue waya. Urefu wake uruhusu usukani kugeuka hadi mwisho, kushoto na kulia, bila waya kuvutwa. Nne, baada ya kufunga nati, wenzo ubanwe kwa nguvu mara kumi au zaidi ili kila kitu kikae mahali pake, kisha waya ukazwe tena. Fundi asiyerudia hatua hii humwachia mteja breki itakayolegea ndani ya siku mbili.

Liko jambo la tano linalohusu baiskeli ya umeme peke yake. Nyenzo za breki za baiskeli hizi huwa na swichi inayokata umeme mara tu mwendeshaji anapobana. Fundi akizibadilisha kwa nyenzo za kawaida kwa sababu ni rahisi kupatikana, swichi hiyo huondoka, na mota inaweza kuendelea kusukuma mbele huku breki ikijaribu kuzuia. Wenzo usio na swichi usikubaliwe. Aidha, breki ya mbele isiachwe. Wapo waendeshaji wanaoiogopa kwa kudhani itawarusha, nao huifungua na kuitupa. Ukweli ni kwamba chombo kinapopunguza mwendo uzito wake huegemea mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kukisimamisha. Dawa ya hofu ni mazoezi mahali tambarare.

Na ile Black Mamba ya fimbo za chuma? Hiyo isidanganywe kwa waya peke yake. Rimu yake imeundwa ili raba ziishike kwa upande wa ndani, na breki za kubana ubavuni hazipati mahali pa kushika sawasawa. Anayetaka kuitia mota hana budi kubadilisha na magurudumu, au aiache iendelee kubeba maziwa kwa mwendo wake wa heshima.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni ya umaskini: kwamba mwendeshaji hana fedha. Lakini huyo huyo amenunua betri na mota, na bei ya nyaya mbili na ala zake ni sehemu ndogo mno ya gharama hizo. Umaskini wa kweli ni kununua mbio na kukosa fedha ya kusimama. Ya pili hutoka kwa wajuzi: kwamba nyaya zimepitwa na wakati, na baiskeli ya umeme inastahili breki za mafuta. Ni kweli kwamba breki za mafuta zina nguvu zaidi na hudai nguvu kidogo ya mkono, na anayeweza kuzipata na kuzitunza azitumie. Hata hivyo, bomba lake likivuja, atahitaji mafuta maalumu, vifaa vya kuondolea hewa, na fundi aliyefunzwa. Waya hubadilishwa chini ya mti kwa spana na koleo. Kwa mtu aliye mbali na duka, breki anayoweza kuirekebisha mwenyewe ni salama kuliko breki bora iliyoharibika.

Hoja ya tatu huenda ikatoka kwa walimu wenzangu: haya yana uhusiano gani na darasa? Yana uhusiano mkubwa. Tangu mwaka 2023 tuna shule za sekondari ya chini, na humo somo la maandalizi ya ufundi hufundishwa. Baiskeli ni maabara inayosimama nje ya lango: ina wenzo, msuguano, nishati, umeme na hesabu. Lakini somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali fundi wa jua kali ambaye mwanafunzi atampelekea baiskeli yake huzungumza Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anajua kanuni asiyoweza kumweleza fundi, naye fundi ana maarifa ambayo mwanafunzi hayatambui kuwa ni elimu. Kisingizio cha upungufu wa istilahi hakikubaliki. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kilichopungua ni nia.

Napendekeza mambo matatu. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa likague breki za baiskeli za umeme kwa makini yale yale linayokagulia betri, na lisizisahau nyaya na ala zinazouzwa rejareja. Mafundi wanaofunga mota waweke kanuni yao wenyewe: breki kwanza, mota baadaye. Na kila shule yenye wanafunzi wanaokuja kwa baiskeli itenge robo saa kila Jumatatu, wanafunzi wabane nyenzo, wachungulie vichwa vya nyaya, na yeyote mwenye waya uliochanika hata uzi mmoja asirudi nyumbani akiuendesha.

Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Baiskeli ya umeme ni neema kwa mji wenye vilima na kwa mwanafunzi anayetoka mbali; siombi irudishwe ilikotoka. Naomba tu kwamba itakapotokea ajali nyingine, na mtu akaandika kwamba breki zilikatika, walimu na wanafunzi wa lugha hii wasiridhike na kitenzi hicho. Wakigeuze kiwe katika kauli ya kutendwa, kisha waulize zilikatwa na nani, na tangu lini.