Tumbo la mtoto likivimba, tusiishie kwenye dawa ya minyoo

Mtoto wa jirani yangu hapa Kinama, mwenye umri wa miaka mitatu, alipewa dawa ya minyoo mara tatu katika miezi miwili. Tumbo halikupungua. Mama yake ndiye aliyegusa kitu kigumu ubavuni alipokuwa akimwogesha. Picha zilipopigwa hatimaye, uvimbe ulikuwa umejaza figo na kufika mapafuni. Tulimzika kabla ya muhula kwisha.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilisomea ukimbizini, Ulyankulu, mkoani Tabora, na huko pia kila tumbo lililovimba liliitwa minyoo au bandama. Sidai kuwa daktari. Ninachodai ni kwamba picha isiwe hatua ya mwisho.

Ndugu msomaji, ultrasaundi haiumizi wala haitumii mionzi. Huonyesha kama uvimbe ni maji au nyama, na umeanzia wapi. Uvimbe wa Wilms, uliopewa jina la daktari Mjerumani Max Wilms aliyeueleza mwaka 1899, huota ndani ya figo, na nyama ya figo iliyosalia huukumbatia kama gando la kaa. Nyuroblastoma mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo na kuisukuma figo chini. Eksirei huweza kuonyesha ndani yake chembe za chokaa, ambazo ni nadra katika uvimbe wa Wilms. Limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliiandikia mwaka 1958 akiwa Kampala, huweza kunenepesha kuta za utumbo na hukua haraka mno. Vipimo vingine hufuata, lakini picha humwonyesha daktari pa kuanzia.

Kuwahi ni uhai. Katika nchi tajiri, watoto wapatao 9 kati ya 10 wenye uvimbe wa Wilms hupona.

Mwaka 2006 serikali yetu ilifuta malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na akina mama wakajaa kwenye vituo vya afya. Ni hatua ya kupongezwa. Sasa wahusika waongeze agizo moja: mtoto mwenye uvimbe mgumu tumboni apelekwe ultrasaundi wiki hiyo hiyo. Wazazi wasiubonyezebonyeze, kwani huweza kupasuka. Nasi walimu, tukiona sare inabana tumboni huku mikono ikikonda, tumwite mzazi siku hiyo hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huonekana kwenye picha, tuutazame mapema.