Mwache Sungura, Pima Dawa kwa Seli za Binadamu

Marani, kule Kisii, si ajabu kukuta kibanda cha sungura nyuma ya jikoni. Mtoto anawakatia nyasi, mmoja akiuzwa daftari linapatikana. Sasa nikikuambia kwamba kwa miongo mingi dawa ya sindano haikuingia mwilini mwa mtu kabla ya kudungwa sungura kwenye mshipa wa sikio, usicheke. Ndivyo ilivyokuwa, na kuna mahali bado iko hivyo.

Kisa ni hiki. Dawa inaweza kuwa haina bakteria hata mmoja aliye hai na bado ikakutetemesha kwa homa hadi presha ishuke. Bakteria wengine wakifa huacha vipande vya ganda lao, vinavyoitwa endotoksini, na hivyo haviogopi kuchemshwa. Mvuke wa nyuzi 121 unaua vijidudu, lakini endotoksini inabaki pale pale. Chupa za kioo huokwa kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa ndipo zisafike. Dawa yenyewe huwezi kuioka, kwa hivyo lazima ipimwe.

Marekani iliweka kipimo cha sungura kwenye kitabu chake rasmi cha dawa mwaka wa 1942. Sungura watatu wanadungwa, joto lao linafuatwa kwa saa tatu. Mmoja akipanda nusu digrii, wanaongezwa watano. Baadaye ikaja damu ya buluu ya mnyama wa baharini anayefanana na kaa, ambayo huganda ikikutana na endotoksini. Ni nzuri, ila uchafu mwingine unaoleta homa, kama ule wa kuvu, unaweza kuipita.

Mwaka wa 1995 Thomas Hartung na Albrecht Wendel, wakiwa Konstanz, Ujerumani, waliandika wazo ambalo ukilisikia unauliza mbona halikuja mapema. Homa ya mtu huanzishwa na chembe nyeupe za damu yake. Basi chukua damu ya mtu mwenye afya, changanya na dawa, iache kwenye joto la mwili, kisha pima kama chembe zimetoa ile kemikali ya kuwasha homa. Hakuna anayedungwa. Ulaya ilikubali kipimo hicho mwaka wa 2010, na kufikia Julai 2025 vitabu vyake vya viwango havikuagiza tena sungura kwa dawa yoyote.

Sitakudanganya kwamba namlilia sungura. Nimemla kwa ugali, na nitamla tena. Hoja yangu ni jibu analotoa. Sungura akiogopa mkono wa mtu, joto lake linabadilika. Ukimdunga dawa inayoshusha homa, anakupa jibu la uongo. Na ni mnyama tofauti na wewe, boss.

Hapa ndipo Marani inaingia. Milima ya Kisii ina historia ya malaria ya kulipuka. Mama amejifungua, amewekewa dripu, saa moja baadaye anatetemeka. Nani atashuku chupa? Watasema ni malaria, au maambukizi ya uzazi, atapewa dawa nyingine juu ya ile. Nchi yenye homa nyingi ndiyo inayohitaji kipimo kikali zaidi, kwa sababu huku homa ya dawa ina mahali pa kujificha.

Najua vifaa hivi ni ghali. Seli zinahitaji friza ya baridi kali isiyozimika, na sisi tunaijua stima yetu. Pia kuna dawa zinazoua seli zenyewe, kwa hivyo kila dawa lazima ijaribiwe kwanza kama kipimo kinaifaa. Lakini sasa serikali inataka chanjo zitengenezwe hapa kupitia Kenya BioVax. Ukijenga nyumba mpya, unaweka nyaya za kisasa kabla ya kupiga plasta. Bodi ya Dawa na Sumu ikubali kipimo cha seli sasa, na maabara za vyuo zianze kufunza vijana kukifanya.

Wewe nawe, mtu wako akipata homa ghafla baada ya sindano au dripu, omba nambari iliyo kwenye chupa, ipige picha, mwambie nesi apeleke ripoti kwa Bodi. Mwananchi wa kawaida pia anaruhusiwa kuripoti. Chupa isitupwe kabla hujafanya hivyo.