Maziwa hayasafishi mapafu ya fundi wa kuchomelea

MKULIMA anayepeleka tela lililovunjika ekseli kwa fundi wa kuchomelea hupatana naye bei kwa kuhesabu chuma, vijiti, umeme na ufundi. Moshi hauhesabiwi. Analipa anayeuvuta, na hulipa baadaye.

Katika karakana nyingi za mitaani, kinga inayoaminika ni maziwa. Fundi akimaliza kazi hupewa pakiti moja, naye mwenye karakana huona ametimiza wajibu. Lakini maziwa huenda tumboni, moshi huenda kwenye mapafu. Ni njia mbili tofauti, na hakuna kiasi cha maziwa kitakachoziunganisha.

Moshi huo ni metali iliyochemka hadi kuwa mvuke, kisha ikaganda hewani kuwa chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliuingiza katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, ambamo moshi wa sigara nao umo. Aidha, wachomeleaji hupata nimonia kwa urahisi kuliko watu wengine, na wapo wanaopata pumu.

Mabomba na mabati yenye zinki yana balaa lake. Fundi huchomelea mchana, na usiku hushikwa na homa, baridi, maumivu ya kichwa na viungo. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kwa vile dalili hizo zinafanana mno na za malaria, ni rahisi kumeza dawa bila kupima, kupona siku ya pili, kuisifu dawa na kurudi kwenye mabomba yale yale.

Wenye karakana hulalamika kwamba vifaa vya kinga ni ghali. Malalamiko hayo yana ukweli nusu tu. Kutoa kazi nje ya chumba hakugharimu kitu. Kusimama upepo ukipita ubavuni, fundi asiinamie moshi, hakugharimu kitu. Kukwangua rangi na zinki sentimita chache kando ya kiungo ni kazi ya dakika, ingawa vumbi lake nalo halifai kuvutwa. Kinachohitaji fedha ni barakoa maalumu ya vumbi laini, inayobana usoni. Kitambaa hakitoshi, na kile kinyago chenye kioo cheusi hulinda macho na uso, si mapafu.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na wafanyakazi wapimwe afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao, ulioanza kazi mwaka 2015, hufidia magonjwa yatokanayo na kazi. Tatizo ni kijana anayelipwa kwa geti moja moja, asiye na mkataba wala jina kwenye daftari lolote. Huyo akianza kukohoa akiwa na miaka 40, hataweza hata kuthibitisha alikuwa akifanya kazi kwa nani.

Mwenye karakana anaweza kuanza na daftari hilo. Bei ya barakoa aigawe kwenye mageti na matela ya mwezi mzima, na mteja atakayeona tofauti hiyo ni nadra.