Tusomeane hadithi, wenyeji na waliokimbia vita

Kwenye bomba la maji tunasikia kila siku: «Hawa wa kambini ndio wanatumalizia maji.» Anayesema hivyo hajalala hata usiku mmoja chini ya hema. Hadithi inaweza kumlaza humo.

Mwaka 2013, watafiti Kidd na Castano waliandika kwamba kusoma kurasa chache za hadithi nzuri kunasaidia mtu kutambua hisia za mwenzake. Wengine waliporudia jaribio hilo, hawakuona matokeo yale yale. Basi, kurasa chache hazitoshi, inafaa kuzoea.

Jirani zetu Rwanda, watu walisikiliza mwaka mzima Musekeweya, mchezo wa redio wa vijiji viwili vyenye uhasama. Utafiti wa 2009 ulionyesha kwamba mawazo yao ya ndani hayakubadilika sana, lakini waliaminiana na kushirikiana zaidi.

Wazazi, walimu, viongozi wa kambi: tusome kitabu kimoja kwa sauti kila jioni, watoto wa mtaa na wa kambini pamoja. Hakitajaza bidoni. Lakini kesho, kwenye foleni, mmoja atampisha mama mwenye mtoto mgongoni.