Reggae na yule dogo wa kidato cha tatu

Jana jioni hosteli kwetu nusura pachimbike, na chanzo ni mimi. Nilikuwa nafua zangu huku simu inapiga Lucky Dube, sauti ya kawaida tu. Jamaa wa chumba cha jirani akapita na ndoo yake akaropoka, "Mwalimu mtarajiwa, na wewe umeanza moshi?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kumbe limeniuma. Tukabishana mpaka nguo zikaanza kukauka kwenye beseni. Usingizi umegoma, kwa hiyo naandika.

Kwanza reggae yenyewe, maana wengi tunaigombania bila kuijua. Ni muziki wa Jamaika, umezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye mitaa ya walalahoi pale Kingston. Kabla yake kulikuwa na ska, mdundo wa mbiombio. Ukapunguzwa mwendo ikawa rocksteady, ukapunguzwa tena ukaja huu. Jina lilianza kuzoeleka mwaka 1968 kwa wimbo wa Toots na wenzake wa Maytals. Ukitaka kuitambua kwa sikio, hesabu moja mpaka nne. Kwenye nyimbo nyingi za Bob Marley ngoma haigongi kwenye moja kama ulivyozoea, inaangukia kwenye tatu. Gitaa linakwaruza kwenye mbili na nne, chaka, chaka. Halafu besi ndiyo inayoongea. Jaribu kusikiliza wimbo mmoja ukifuata besi peke yake, utaniambia.

Sasa, juu ya mdundo mpole namna hiyo, wakaweka maneno makali. Wimbo wa War wa mwaka 1976, maneno yake mengi yametoka kwenye hotuba ya Haile Selassie aliyoitoa Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Hebu niambieni, nani kati yetu anasoma hotuba za Umoja wa Mataifa bila kulazimishwa na mhadhiri? Lakini hiyo tunaiimba bafuni. Mwaka 1980 Zimbabwe inapata uhuru, Bob Marley akaenda kupiga kwenye sherehe zenyewe, na gharama za kusafirisha vyombo akabeba mwenyewe. Watu waliozuiwa nje ya uwanja wakataka kuingia, polisi wakapiga mabomu ya machozi, shoo ikasimama kisha ikaendelea. Mwaka mmoja baadaye akafariki kwa saratani, ana miaka 36.

Na Lucky Dube ndiyo kabisa. Huyu alianza na mbaqanga huko kwao Afrika Kusini, akahamia reggae wakati ubaguzi wa rangi bado unatawala. Ule wimbo wa Slave wa 1987 ambao kila baa inaupiga, unamhusu mtu aliyefanywa mtumwa na pombe. Nimeshaona watu wanaucheza kwa hisia kali kabisa, chupa mkononi. Mwaka 2007 majambazi waliotaka gari lake wakamuua kwa risasi Johannesburg.

Mimi reggae nimeirithi kwa mjomba wangu, dereva wa malori, darasa la saba. Kwetu ni Bukoba, kwa Justin Kalikawe, kwa hiyo hatukuona ajabu reggae ikiimbwa kwa lugha zetu. Ila mjomba alipenda hata zile za Kiingereza. Nikamuuliza siku moja, "Anko, unaelewa anachoimba?" Akasema, "Mengine sielewi. Ila huyu mtu anadai chake." Nimesoma makala kadhaa za wasomi kuhusu muziki, sijakuta iliyompita mjomba.

Bangi ipo, siwezi kudanganya. Marasta wengi wanaihesabu ni sehemu ya imani yao, na Peter Tosh aliita albamu yake nzima Legalize It. Mimi sivuti na sina mpango. Lakini si kila anayeimba reggae ni Rasta, na si kila anayeisikiliza anavuta. Mbona taarabu hamuwaulizi wasikilizaji wake wanamsuta nani?

Kilichonitibua jana si utani wa yule jamaa, wala sina kinyongo naye. Amenikumbusha kitu. Mwaka jana nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kulikuwa na dogo wa kidato cha tatu, mkimya, anakaa nyuma. Daftari lake la Historia alilifunika na picha ya Bob Marley. Siku nagusia ubaguzi wa rangi, darasa zima linasinzia, yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Akaeleza mambo ya pasi, ya watu weusi kuhamishwa kwa nguvu. Nikamuuliza kayatoa wapi. Akasema alianza na nyimbo, akawa anauliza watu maana yake.

Wiki ileile mwalimu mmoja akalikuta lile daftari. Akamleta dogo ofisini, akachana lile jalada mbele yetu, akasema hawa ndio wavuta bangi wa kesho. Hakuna aliyemnusa wala kumpekua. Dogo akaniangalia mimi. Na mimi nikainamia andalio langu la somo nikajifanya naandika, kwa sababu yule mwalimu alikuwa mmoja wa watakaonipa alama.

Niliyekaa kimya siku ile ndiye niliyebishana jana kwa saa nzima, tena kwenye kufua, mahali ambapo hakuna anayenipa alama. Nilipata A kwenye mazoezi yale. Dogo hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka.

Julai naenda tena, shule nyingine. Nimeshaandaa somo la uhuru wa Zimbabwe na nitaingia na spika yangu ndogo, wakinifukuza nitawasimulia. Ngoja nijaribu kulala, asubuhi nina testi ya saikolojia ya elimu na desa sijalifungua.